Kaptura ya Raundi Moja

Mtu akikuambia kwamba Papa Deo, fundi wa nguo wa Murara hapa Goma, baba wa watoto watano na msomaji wa somo la kwanza kanisani, alihesabiwa chini ulingoni mpaka kumi akiwa amevaa koti na kravati, usibishane naye, ni kweli. Mimi mwenyewe nilibisha mwanzoni, nikasema ni wivu wa mafundi wenzangu, lakini watu walikuwa na simu na simu zilikuwa na picha, na hadi leo nikipita kununua muhogo mama muuzaji ananiuliza kwa huruma kama shingo imepona. Nimeona afadhali nieleze mwenyewe, maana wakieleza wengine wanaongeza chumvi, na hii yangu tayari ni kali.

Shida yangu si mikono. Mikono yangu haina neno, uliza mtu yeyote kuanzia Murara mpaka Keshero. Shida yangu ni mdomo, na baada ya mdomo ni metre, ule utepe wa kupimia ambao ninauvaa shingoni tangu asubuhi kama padri na stola yake. Fundi akishapima watu kwa miaka mingi anaanza kujidanganya kwamba anawajua: nikikuzungushia metre kiunoni nadhani najua kama nyumbani kwako kuna amani, nikikupima mabega nadhani najua kazi unayofanya na kama bosi wako ni mtu mbaya. (Mke wangu anasema ninachojua ni kiuno na mabega, basi, lakini yeye ni mke wangu, kazi yake ni kunipunguza.)

Sasa pale mtaa wa Mapendo kuna mzee mmoja, Muzee Bahati, bondia wa zamani mwenye pua iliyolala upande, ambaye anafundisha vijana ngumi ndani ya uwanja wa nyumba yake. Alikuwa ametayarisha mapambano ya Jumapili mchana, na pambano kubwa lilikuwa la wasichana: Furaha, ambaye watu wote wanamwita Kamioni (ukimwona huulizi kwa nini), apigane na msichana mmoja wa Bukavu. Ukumbi ulishapatikana, matangazo yalishapita barabarani kwa kipaza sauti, halafu zikiwa zimebaki siku chache yule wa Bukavu akashikwa na malaria. Muzee Bahati akabaki na Kamioni mmoja na kona moja tupu, na hakuna msichana wa uzito ule aliyetaka kuingia, wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Aliyejitolea ni Riziki.

Riziki ni muuza sambaza. Kila asubuhi anazipokea zile samaki zake ndogo kule kwenye ufuko wa Keshero, anapanda nazo na beseni kichwani juu ya yale mawe ya volkano mpaka sokoni, na jioni anapiga ngumi kwa Muzee Bahati. Ni mdogo, mdogo kweli, ukikutana naye njiani unaona beseni kwanza ndipo unamwona yeye. Mama yake, Mama Riziki, ni mwimbaji wa kwaya katika parokia yetu, na sisi wote ni watu wa upande wa Bukavu tuliohamia Goma, kwa hiyo tunaitana ndugu ingawa hatujawahi kuuliza undugu wenyewe unapitia wapi.

Muzee Bahati alikataa mara ya kwanza, akasema hawezi kumweka mtoto mbele ya gari. Riziki akamrudia kesho yake na keshokutwa, mpaka mzee akakubali kwa sharti kwamba zitakuwa raundi nne fupi na kwamba akiona mambo yanaharibika atatupa taulo mwenyewe. Halafu, kwa kuwa sisi watu wa Goma hatufanyi sherehe na nguo za zamani, akawaleta wote wawili kwangu niwashonee kaptura mpya za sateni, nyekundu ya Kamioni na bluu ya Riziki.

Kamioni alikuja wa kwanza. Nilipomzungushia metre kifuani haikufika, ikabidi niunganishe na kamba (kupima kifua kwa ajili ya kaptura hakuna maana, najua, lakini nilitaka kuona). Mikono yake ilikuwa mizito, ukiinua mmoja kupima unatamani kuuweka mahali upumzike. Ni msichana mpole sana, alinishukuru mara tatu. Alipotoka nikawaambia waliokuwa dukani kwamba nimewahi kumshonea padri mmoja Mzungu mnene sana, lakini kifua kama hiki sijawahi kukiona.

Kisha akaja Riziki na mama yake. Metre ilimzunguka ikabaki na mkia mrefu wa kutosha kumpima na mdogo wake. Nilipofika pajani nilisikia kitu kigumu kama kuni ya mti mbichi, nikashtuka kidogo, lakini akili yangu ilikuwa imeshafunga hesabu kwenye kifua, ikakataa kuifungua tena. Na wakati ninapima, sindano mdomoni, ndipo Mama Riziki aliponieleza shauri lao, akiongea kama vile binti yake hayupo.

Yeye hakuwahi kumwona Riziki akipigana. Kwake ngumi ilikuwa kazi ya maibobo, wale watoto wa barabarani, na yeye alikuwa amemlea binti huyu peke yake kwa sambaza na kwa rozari, hakumlea ili aje avuliwe heshima mbele ya wanaume. Walikuwa wamegombana muda mrefu, mpaka Riziki mwenyewe akamwomba mama aje mara moja tu aone kwa macho yake, halafu aamue. Mama akakubali.

"Nimemuambia mbele ya Mungu," akaniambia. "Kama nikiona ata kitu kimoja ya aibu juu ya mutoto wangu, glavu zinaenda mu ziwa siku ileile. Naye amekubali. Sasa, Papa Deo, unishonee kitu ya heshima. Ifike ku magoti."

Nilimtazama Riziki. Alikuwa anaangalia mlango, midomo ameikaza, na nikaelewa kwamba msichana huyu ameweka maisha yake yote ya ngumi kwenye ile Jumapili moja. Nilielewa vizuri kabisa, na ndiyo maana nasema aibu yangu haina pa kujificha. Mama aliponivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto wake atapigwa, mimi, badala ya kusema sijui, ambalo ni neno fupi na zuri, nikajibu kwamba asiwe na wasiwasi, mambo yatakwisha mbio, Riziki ataanguka kabla hata hajasikia maumivu. Nilidhani ninamfariji.

Jumamosi ilikuwa vurugu. Kulikuwa na ndoa Keshero na familia nzima ya bwana harusi ilitaka vitenge vya aina moja, mlima wa vitenge umekaa juu ya meza unanitazama, na umeme unakuja dakika chache unaondoka kama mgeni asiyependa chakula cha nyumba. Umeme ulipokuja nikaanza na kaptura ya Kamioni. Hiyo niliishona vizuri, mshono mara mbili kila upande, maana nilijiambia huyu ndiye atakayepigana. Nikaja kwenye ya Riziki. Kiuno nikakitia lastiki sawasawa, pindo la chini nikalipitisha mashine, likafika magotini kama mama alivyotaka. Imebaki kuunganisha mbavu mbili, ile mishono ya pembeni, umeme ukaondoka.

Hapo ndipo penye uamuzi wenyewe, na ulikuwa mdogo sana, ungeweza kuupitisha kwenye tundu la sindano. Nilichukua uzi mweupe nikapiga bandi, ule mshono mrefu mrefu wa mkono ambao unashikilia nguo kwa muda tu kabla ya kuipeleka kwenye mashine. Ningeweza kuwasha taa nikashona kwa mkono vizuri, mshono wa karibu karibu, saa moja tu ya kazi. Nikasema, ya nini? Kaptura hii itasimama dakika moja, halafu italala pamoja na mwenyewe, na Jumatatu nitaimalizia. Nikaipiga pasi ya makaa ikang'aa, na kwa pasi hata uongo unanyooka.

Jumapili baada ya misa nikaenda moja kwa moja Mapendo na nguo zangu za kanisani, koti, na ile kravati ya mistari niliyoolea. Sindano yenye uzi ilikuwa kwenye kola ya koti, kama kawaida, fundi hatembei bila sindano. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama Riziki alikaa mstari wa mbele upande wa kushoto na mama wenzake wa kwaya, wote wamevaa vitenge vyao vya misa, wamenyooka kama watu waliokuja kutoa ushahidi.

Na ingekuwa heri kama ningekaa kimya. Lakini mshereheshaji aliposikia kwamba mimi ndiye niliyeshona nguo za mabondia akaniita mbele, akanipa mikro, akaniuliza ninaonaje, nani atashinda. Mtu mwenye akili angesema Mungu ndiye anajua. Mimi nikarekebisha kravati.

"Ndugu zangu," nikasema, "batu bote babili nimebapima na metre hii. Mwenye kutaka kufunga kamba ya kiatu afunge sasa. Kama akiinama wakati kengele inalia, atainuka akute bamemaliza."

Ukumbi ulicheka sana, na mimi nikacheka, nikarudisha mikro kwa adabu kubwa. Mama Riziki hakucheka. Riziki alikuwa kwenye kona yake, kaptura yangu ya bluu inameremeta, akanitazama kama mtu anayetazama wingu kama litanyesha au litapita, bila hasira yoyote, kisha akaniacha na kumgeukia Kamioni.

Kengele ikalia. Kamioni akaja, na kwa kweli ilikuwa kitu cha kutisha, mbao za ulingo zililia chini yake, akatupa mkono wa kulia ambao ungeangusha ukuta. Riziki hakuwepo pale. Sijui niwaelezeje. Mmewahi kuona mwanamke anapita juu ya mawe ya volkano na beseni limejaa kichwani? Kichwa hakitikisiki hata kidogo, lakini miguu inachagua, jiwe hili, si lile, hili tena. Ndivyo alivyopigana. Ngumi zilipita mahali alipokuwa, na kila moja ilipopita yeye aliweka yake ndogo, kavu, chini ya kiwiko cha Kamioni, kisha anaondoka. Alipigwa pia, msidhani hakupigwa, moja ilimpata begani akaruka hatua mbili, lakini alirudi mbele palepale. Nilikuwa nimefungua kinywa, nimesahau kabisa kwamba mimi ni nabii wa upande mwingine.

Raundi ikaisha na Riziki amesimama. Mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Papa Deo, kamba za viatu tumeisha kufunga, sasa tufanye nini?" Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, na mimi nikatikisa mkono kama mtu anayesema ngojeni kidogo.

Katika raundi ya pili nikaona uzi. Ulikuwa mweupe, umetoka kwenye ubavu wa kushoto wa ile kaptura ya bluu, unaning'inia, na kila Riziki akipiga hatua unakuwa mrefu zaidi. Jirani yangu wa kiti, karani mmoja aliyevaa miwani, akaniuliza kama zile nyuzi ni modeli mpya. Nikasema ndiyo, ni ya mwaka huu. (Angalieni mahali mdomo unampeleka mtu.) Sijamaliza kumeza mate, mshono ukafunguka kidogo, kisha kwa urefu wa kiganja, kisha zaidi, sateni inapigapiga kama pazia dirishani. Ndani alikuwa na kaptura ya kubana, msifikirie mabaya, lakini kwa macho ya mama wa kwaya ile haikuwa nguo, ilikuwa ngozi.

Hapo niliogopa. Si kwa ajili ya jina langu, naapa, kwa mara ya kwanza siku ile sikulifikiria jina langu. Niliona ziwa, niliona glavu zikizama. Msichana huyu alikuwa amesimama mbele ya Kamioni, hakushindwa na Kamioni, na kitu kitakachomtoa ulingoni maisha yake yote ni uzi wangu.

Yeye pia alikuwa amejua. Nilimwona akitupa jicho chini mara moja, halafu jicho likaenda mstari wa mbele, kushoto, aliko mama yake. Na akafanya kitu ambacho nikikumbuka hadi leo nywele zinanisimama: akaanza kuzunguka. Alizunguka kwa namna ambayo ule upande uliofunguka hauonekani kamwe na mama, kila akifika mahali pa hatari anageuka, anaingia ndani, anapiga, anatokea upande wa pili. Kamioni amezoea watu wanaorudi nyuma moja kwa moja mpaka kwenye kamba, pale anawamaliza. Huyu hakurudi nyuma, alikuwa anamzungusha kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba, na Kamioni akaanza kupumua kwa mdomo. Watu wakapiga makofi, karani wa miwani akaniambia ni mbinu kubwa sana ile. Ni mimi peke yangu ndani ya ukumbi niliyejua kwamba msichana anapigana watu wawili, Kamioni mbele na Papa Deo pembeni.

Kengele ya mapumziko ilipolia miguu ilinipeleka bila kuniuliza. Nilipita juu ya magoti ya watu, nikapanda kwenye kona, nikapiga magoti karibu na kiti chake, nikachomoa sindano kwenye kola. Ukumbi ukaanza kunguruma, maana waliona mwanamume wa makamo, mwenye koti, anapiga magoti kwenye paja la msichana.

"Papa Deo, hii ni nini?" Riziki akaniuliza huku anapumua.

"Ni bandi, binti yangu. Nisamehe. Usitikisike."

Nilianza kushona, na mikono yangu, ile niliyowasifia, ikawa inakosea njia kama ya mwanafunzi. Ndipo nikaona viatu. Viatu vyeusi vya misa, vimesimama chini ya kamba za ulingo, na juu yake kitenge cha kwaya. Sikuthubutu kuinua uso. Riziki aliuinua, nikasikia paja lake likikakamaa, na akasema neno moja tu, taratibu, "Mama." Alisema kama mtu anayenyoosha mikono avuliwe glavu.

Mama Riziki alifungua kitenge chake cha juu, kile ambacho mama zetu wanafunga juu ya kingine, akakitandaza kwa mikono miwili, akakizungusha kwenye kona yote, mimi ndani, binti yake ndani, na ukumbi wote nje.

"Shona mbio, Papa Deo," akasema kutoka upande wa pili wa kitambaa. "Ule Kamioni iko anachoka. Anaachama. Ndo saa yake hii."

Riziki aligeuza uso pembeni, na naamini macho yake yalikuwa na maji, ambayo ngumi zote za Kamioni hazikuyatoa. Mimi yangu yalikuwa yameshatoka. Nashona sioni, nashona kwa vidole, navuta uzi, nakaza, nafunga fundo, nikasikia kengele. Riziki akasimama, akaondoka kwa nguvu kama mshale.

Nami nikaondoka naye. Nilikuwa nimeshona kravati yangu pamoja na ule mshono.

Sitaki kueleza sana. Shingo ilienda kwanza, mwili ukafuata, nikatambaa kwa magoti hatua kadhaa katikati ya ulingo, halafu Riziki akageuka ghafla kukwepa ngumi na mimi nikageuka naye, nikalala kifudifudi, mikono imenyooka, uso kwenye turubai. Mwamuzi akasimama hajui kitabu chake kinasema nini kuhusu jambo kama hili. Na hapo, mtu mmoja juu ya dirisha akaanza kuhesabu kwa Kifaransa. Wa pili akamfuata, wa tatu, na mwishoni ukumbi mzima, wazee, mama wa kwaya, hata karani wangu wa miwani, wakanihesabu kwa sauti moja mpaka kumi, taratibu kabisa, bila kuruka hata namba moja. Kamioni alicheka mpaka kinga ya meno ikamtoka.

"Papa Deo, simama," Mama Riziki akaniambia kutoka kwenye kona, hasira imempanda. "Unazuiza mutoto."

Muuguzi aliyekuwa kando ya ulingo alileta mkasi wa bendeji, akakata kravati ya ndoa yangu chini kidogo ya fundo. Mshono ulishika, nawaambia, mshono ule ulishika kuliko mshono wowote niliowahi kushona, na kwenye raundi mbili zilizobaki kipande cha kravati yangu ya mistari kilikuwa kinapeperuka kwenye paja la Riziki kama bendera ya nchi isiyojulikana.

Na raundi zile, ndugu zangu, nilizitazama nimesimama nyuma kabisa, kola wazi, watu wananinyooshea vidole, na sikujali. Sasa Riziki hakuwa na kitu cha kuficha, alienda mbele. Msichana wa beseni la sambaza alimsukuma Kamioni hatua tatu, Kamioni akamrudisha hatua nne, naye Kamioni alikuwa jasiri, lazima niseme haki, mkubwa amechoka hivyo na bado hakukimbia. Katika raundi ya mwisho walisimama katikati, hakuna aliyerudi, kama mafundi wawili waliopewa kazi moja na kila mmoja anataka kuimaliza. Sauti ya Mama Riziki ilisikika juu ya sauti zote, na ile ni sauti iliyofundishwa kwaya, alikuwa anaimba "kushoto, kushoto" na mama wenzake wanaitikia.

Majaji wakampa Kamioni ushindi, kwa pointi kidogo sana. Kamioni mwenyewe alimwinua Riziki juu akamzungusha ukumbini, watu wakaimba jina la Riziki. Kwa hiyo mkipenda kuwa watu wa sheria, mimi nilitabiri sawa, nilisema Kamioni atashinda na Kamioni alishinda. Jaribu kusema hivyo Murara. Nilijaribu mara moja mbele ya mke wangu, yeye akaendelea tu kuchambua majani ya sombe. Na ni kweli, nilikuwa nimepata jina la mshindi na kukosa kila kitu kingine, tena katika siku nzima ile ya ngumi mtu aliyelala chini akahesabiwa ni mmoja, naye hakuwa bondia.

Wiki iliyofuata walikuja dukani, Riziki na mama yake. Jicho moja la Riziki lilikuwa bado limevimba. Mama alianza kuongea tangu mlangoni, siyo na mimi bali na wale majaji ambao hawakuwepo, anasema yule wa katikati alikuwa anasinzia, anasema raundi ya tatu ilikuwa ya mtoto wake wazi kabisa (mpaka leo bado anabishana nao, na amemtuma Muzee Bahati kuomba pambano la marudio). Nikasubiri amalize kisha nikawaomba msamaha wote wawili, nimesimama, metre nimeivua shingoni.

Riziki aliweka ile kaptura ya bluu juu ya meza, kipande cha kravati bado kimeshonwa pale pale.

"Nikuulize kitu kimoja, Papa Deo," akasema. "Hii, ulinishoneaka ya raundi ngapi?"

Nilitaka kusema umeme. Nilitaka kusema ndoa ya Keshero.

"Moja," nikasema.

"Na ya Kamioni?"

"Zote."

Hakukasirika. Alichukua metre yangu mezani, akaninyooshea.

"Basi ingine unishonee sawa na yake."

Nilimpima upya, na safari hii nilianzia miguuni. Nilipomaliza kushona, mama yake aliishika ile kaptura mpya akavuta mbavu zake kwa nguvu zake zote, kushoto na kulia, mbele ya wateja, na nikamwacha avute. Kipande cha kravati Riziki alikataa nikitoe, nikakihamishia kwenye ile mpya, kwa mashine. Na tangu siku ile uzi wangu ni mmoja kwa watu wote, mnene na mwembamba, bwana harusi na mbeba mizigo, na mtu akiniuliza nani atashinda, iwe mpira, iwe kura, iwe ndoa ya nani itadumu, naweka sindano mdomoni, maana mtu mwenye sindano mdomoni hawezi kujibu.